Bibi Chaki Kwenye Mabanda ya Dada Yake

Ofisini walimwita Bibi Chaki, naye akaitika, kwa sababu jina la kubandikwa ukilipinga ndiyo kwanza linashika. Alikuwa mkaguzi wa mabanda ya mbwa wa biashara. Ukimtajia mtu kazi hiyo anacheka kwanza, halafu anauliza, "Kwani hata mbwa wana serikali?" Wana. Wapo watu wanaofuga mbwa wa mbegu nzuri, wanawazalisha, na kuwauza watoto wao kwa makampuni ya ulinzi na wenye nyumba za mageti makubwa. Watu hao wanatakiwa wawe na leseni, na leseni haitoki mpaka mtu aende kutazama kwa macho yake mbwa wanalala wapi, wanakunywa nini, jike anazaa mara ngapi kwa mwaka, na uchafu unatupwa wapi. Mtu huyo alikuwa yeye, kwa miaka kumi na tisa.

Mwembamba, miaka hamsini na minne, mabuti ya mpira hadi magotini, futi ya chuma mfuko wa kulia, vipande vya chaki mfuko wa kushoto. Hizo chaki zina kisa chake. Mwaka wa kwanza kazini alikagua kwa mzee mmoja mwenye milango mingi inayofanana. Akazunguka, akarudi alikoanzia bila kujua, akahesabu mbwa walewale mara mbili. Ripoti ikasema mbwa arobaini. Mzee akaja juu ofisini: yeye ana mbwa ishirini, hao ishirini wengine serikali imemletea kwa gari gani? Watu walicheka wiki nzima, mpaka mfagizi. Tangu hapo Bibi Chaki hakutoka kwenye kizimba bila kupiga mlangoni mstari mmoja wa chaki na tarehe. Mlango wenye chaki umekwisha. Haufunguliwi tena.

Wafugaji walimwogopa. Aliwahi kumfungia bwana mmoja aliyekuwa anafuga mbwa ndani ya mapipa, na yule bwana alipomletea bahasha aliifungua mbele ya watu, akahesabu kwa sauti, akamrudishia na chenji ya maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alikuwa na mdomo, na mdomo wake ulikuwa na kawaida moja. Kila alipomkuta mtu na mabanda machafu alisema, "Nenda kwa dada yangu ukajifunze. Kule unaweza kula chini."

Na ni kweli, kwa dada yake palikuwa pasafi.

Dada yake alimzidi miaka kumi na mmoja. Mama yao alifariki Bibi Chaki akiwa na miaka minne, wakachukuliwa na shangazi, mwanamke mwenye mkono mwepesi wa kupiga. Aliyemlea hasa ni dada. Dada aliacha shule ili yeye asome. Dada alimsuka, alimwogesha, alimpigania na watoto wa jirani, na alimpa jina la Kitinda, yaani kitindamimba, jina ambalo dunia nzima hakuna mwingine aliyemwita. Kitinda alikuwa akikojoa kitandani mpaka miaka tisa. Shangazi hakujua hata siku moja. Kila alfajiri dada alikuwa ameshaligeuza godoro, ameshafua shuka, ameshaianika nyuma ya nyumba, na Kitinda kavaa gauni kavu kakaa kama malaika.

Baadaye dada aliolewa na mfunza mbwa wa ulinzi. Shemeji huyo alipofariki alimwachia dume mmoja na majike wawili, nyumba, na uwanja. Watoto wao wawili walikuwa wameshakwenda kuishi mbali, wa kupiga simu wakati wa matatizo tu. Dada akashika mbwa. Watu walidhani ni wazimu wa ujane. Baada ya miaka michache alikuwa na mabanda mawili ya matofali: la mbele vizimba kumi, la nyuma vizimba kumi, na makampuni yakawa yanapanga foleni kwake. Alijenga upya jiko. Aling'oa meno mabovu, akaweka mapya. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa na kitu ambacho hakupewa na mtu, na hakuficha kwamba anaringa nacho.

Sasa, mkaguzi kumkagua dada yake, hilo lilikuwa halijakaa sawa, na Bibi Chaki mwenyewe alilisema mwaka wa kwanza. Lakini mkaguzi wa pili, bwana wa machinjio, alikuwa ameshaumwa na mbwa makalioni, na tangu hapo hata picha ya mbwa kwenye kalenda aliigeuzia ukutani.

"Mimi siendi," alisema. "Nina kalio moja tu zima lililobaki."

Mkuu wa ofisi akacheka, akamwambia Bibi Chaki, "Mama, nenda wewe. Wewe hata ukimkagua mama mzazi utamwandikia faini."

Akaenda. Mwaka wa kwanza, wa pili, mpaka ukafika wa saba. Kila mwaka utaratibu ulikuwa uleule. Ofisi ilipeleka taarifa siku tatu kabla ili mwenye mabanda awepo. Bibi Chaki alifika saa tatu asubuhi, akakagua banda la mbele, akapiga chaki milango kumi. Halafu dada alimwita barazani kwa chai. Chai ilikuwa lazima. Dada hakukubali mtu aingie banda la nyuma na tumbo tupu, na Bibi Chaki, ambaye kwa wafugaji wengine hakupokea hata maji ya kunywa, hapo alikunywa vikombe viwili na mkate wenye siagi. Alijiambia kwamba chai ya dada si rushwa, maana alikuwa akiinywa tangu hajaota meno. Baada ya chai akakagua la nyuma, akapiga chaki kumi, akaaga, akaenda kuandika: Hali nzuri sana.

Mwaka huo wa saba dada alimpokea getini kwa kanga safi na maneno yake ya siku zote.

"Kitinda, umekonda. Hiyo serikali yako haina chakula?"

"Chakula kipo, dada, ila wanakula wakubwa."

"Basi ingia, ukague upesi, nimetia tangawizi."

Kamanda, mtunza mbwa wa pale, mlinzi mstaafu mwenye mvi na goti bovu, alimpigia saluti kama kawaida. Bibi Chaki akaanza. Sakafu kavu. Maji safi. Mbwa wamechanwa manyoya mpaka yanang'aa. Kizimba cha nne alikuwemo jike mmoja ambaye Bibi Chaki alimpenda, mweusi, mwenye kidole kimoja cheupe mguu wa mbele. Jike huyo kila mwaka alimrukia na kumlamba mikono utadhani mtoto amemwona bibi yake. Bibi Chaki alivaa miwani kusoma kadi ya mlangoni, akaivua ili amtazame meno, maana yule mbwa alikuwa anaipumulia inaingia ukungu, akaiweka kwenye ukingo wa dirisha. Akamaliza, akatoka, akapiga chaki. Alipofika cha kumi akaitwa chai.

Alikaa kitambo barazani akipumzika huku dada yuko jikoni anahangaika na vikombe. Bibi Chaki akafungua fomu, akapapasa shingoni, akapapasa kichwani. Miwani hakuna.

"Dada, nimesahau miwani kwenye kizimba cha nne. Nakwenda mara moja."

"Kaa!" Dada alitoa sauti jikoni, na kitu cha chuma kikaanguka. "Kaa hapo, Kamanda atakuletea!"

"Kamanda ana goti, mwache. Ni hapa tu."

"Kitinda, nimesema kaa!"

Lakini yeye hakuwa mtu wa kukaa. Alishavuka uwanja.

Mlango wa kizimba cha nne ulikuwa na chaki yake mwenyewe, ya asubuhi hiyohiyo. Akafungua. Miwani ilikuwa palepale dirishani. Jike mwenye kidole cheupe hakuwepo.

Alikuwepo mwingine. Mweusi vilevile, wa mbegu ileile, lakini huyu alikuwa mbavu na ngozi. Chuchu zilimning'inia mpaka zinagusa sakafu, moja imevimba na kupasuka. Kucha zilikuwa zimejikunja kama ndoana, kucha za mnyama asiyewahi kukanyaga ardhi, na nyayo zilikuwa na vidonda vya miraba miraba, alama ya wavu wa waya. Jicho moja lilikuwa limegandana. Hakubweka. Hakunusa hata mkono. Alimtazama Bibi Chaki, halafu akajivuta taratibu mpaka pembeni kabisa, akajikunyata, akampisha. Ndivyo alivyozoea, ungesema: mtu akiingia, yeye apunguze nafasi anayoichukua.

Bibi Chaki akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Hapo Kamanda akatokea mlangoni, akihema, kambeba begani mbwa mwingine kama gunia la mkaa. Alipomwona akasimama.

"Aa, mama. Umerudi mapema. Chai haijaiva?"

"Kamanda, huyu ametoka wapi?"

"Si wa nyuma huyu? Ndiyo nawahamisha." Akamshusha yule mwingine chini kwa upole, akanyoosha goti. "Wa huku nawapeleka kule, wa kule nawaleta huku. Mwaka huu wamekuwa wazito, au mimi ndiye nimezeeka."

"Unawahamisha kila mwaka?"

"Kila mwaka. Tangu niajiriwe. Huu wa saba." Akamtazama usoni, na polepole uso wake mwenyewe ukabadilika. "Mama... mimi nilidhani mnajua wenyewe. Mtu na dada yake. Nilisema labda ndivyo mlivyopanga."

Bibi Chaki alimtazama yule jike pale pembeni. Alikuwa anakumbuka mwaka uliopita, banda la nyuma, jike aliyemrukia na kumlamba mikono. Alikuwa amemwambia dada, "Kumbe hata huyu wa huku ana kidole cheupe?" Dada akacheka: "Hao ndugu, tumbo moja." Na yeye akaandika. Miaka yote hiyo alikuwa akikagua mbwa walewale kumi, asubuhi moja, mara mbili. Wale kumi wengine walikuwa wanapita nyuma ya mgongo wake akiwa anapaka siagi mkate.

Akaenda banda la nyuma. Kamanda hakumzuia. Huko nusu ya vizimba vilikuwa vimeshabadilishwa wapangaji, nusu bado. Mbao ambazo kila mwaka alizikuta sakafuni, na kuzisifia, zilikuwa zimeegemezwa ukutani zikisubiri kulazwa, na kando yake ndoo ya dawa ya kuua harufu, bado haijamwagwa. Bila mbao hizo sakafu ilikuwa waya mtupu, na chini ya waya kulikuwa na mavi ya miezi. Harufu ya mkojo ilimchoma macho. Jike mmoja alikuwa ananyonyesha watoto saba huku mwenyewe amelala kichwa chini, na watoto walikuwa wanene, wazuri, wa kuuzika. Bibi Chaki alitoa futi akapima. Hakujua afanye nini kingine. Kina cha mavi, futi moja. Alipima kizimba kilekile mara tatu.

Aliporudi barazani chai ilikuwa imeshamiminwa. Dada alikuwa amekaa, mikono mapajani.

"Kunywa, inapoa."

"Dada."

"Nimekwambia ukae. Hukukaa. Toka utotoni wewe husikii."

"Wale majike wanazaa mara ngapi?"

"Wanavyojaliwa."

"Kadi zinasema mara moja kwa mwaka."

"Kadi!" Dada alicheka, akasukuma kikombe mbele. "Kadi naandika mimi, Kitinda. Wewe umeona mbwa gani anaandika kadi? Makampuni yanataka watoto kila baada ya miezi mitatu. Nikisema sina, wanakwenda kwa yule wa mapipa. Uliyemfungia wewe. Anafuga tena, hujui? Mwenzako wa machinjio ndiye aliyempa kibali, kwa kusimama nje ya geti."

"Yule ni yule. Wewe ni wewe. Mimi nawatuma watu hapa waje wajifunze."

"Nani alikutuma uwatume?"

Nyuma ya nyumba mbwa mmoja alianza kubweka, wakamfuata wengine, wa mbele tu. Wa nyuma walikuwa kimya.

"Nakupa miezi mitatu," Bibi Chaki alisema mwishowe. "Siandiki kitu. Toa waya, mwaga zege sakafuni, mwite daktari, wale wagonjwa wapumzishwe. Nitarudi bila taarifa."

"Na hiyo miezi mitatu nile nini? Nikirudi kufua nguo za watu kwa umri huu, utanisaidia kukamua?" Dada alivuta kanga begani. "Andika kama ulivyoandika mwaka jana. Hakuna aliyekufa."

"Wanakufa, dada."

"Mbwa hao!"

"Nimewaona."

"Wewe ni mdogo wangu au ni serikali?"

Bibi Chaki akafunga fomu.

"Serikali haikukubeba mgongoni," dada akaendelea, sauti imeshuka, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Serikali haikugeuza godoro lako. Miaka mitano, kila siku ya Mungu, naamka kabla ya kuku. Ungepigwa mpaka ufe, na shangazi unamjua. Nilikuficha. Mimi ukiniuliza najua kazi gani, najua hiyo: kuficha uchafu wa mtu ninayempenda. Sasa leo nakuomba mara moja tu, na wewe unifiche."

Bibi Chaki akachukua fomu, akachukua miwani, akatoka getini bila kugusa kikombe. Dada hakumsindikiza.

Fomu ilikaa mezani kwake ofisini siku nne. Alikuwa anajaza ukurasa wa kwanza, anauficha chini ya kalenda, anautoa. Bwana wa machinjio alimwona, akavuta kiti. Alikuwa mtu mwoga lakini hakuwa mbaya.

"Andika 'wastani'," alimnong'oneza. "Wastani haimwumizi mtu. Mimi nusu ya mji nimeuandikia wastani."

"Ndiyo maana nusu ya mji inaumwa tumbo."

"Bibi Chaki, nisikilize. Mbwa atasahau. Dada yako hatasahau."

"Mbwa ndiye asiyesahau," alisema. "Alinipisha."

"Alikupisha nini?"

"Basi tu."

Siku ya tano aliandika. Aliandika vipimo, waya, vidonda, chuchu, idadi. Kisha akaongeza karatasi ya pili ambayo hakuna aliyemwomba, akasema kwamba ripoti zake sita za nyuma kwenye mabanda yale hazikuwa za kweli, kwa kuwa alikagua mbwa kumi akahesabu ishirini. Mkuu wa ofisi aliisoma amesimama.

"Mama, hii ya pili ni ya nini? Unajichimbia kaburi kwa jembe la ofisi."

"Nimejichimbia muda mrefu, mkubwa. Nilikuwa sijui tu."

Wakamtoa kwenye ukaguzi, wakampa muhuri wa kugonga vibali vya kusafirisha mbuzi. Hakulalamika. Kabla ya kukabidhi kulikuwa na kazi moja iliyobaki.

Dada alinyang'anywa leseni. Mbwa kumi wa mbele na watoto walichukuliwa na kampuni moja ya ulinzi kwa siku moja. Wa nyuma hakuna aliyewataka. Daktari wa mifugo, binti mgeni aliyetoka wilaya nyingine, aliwapima mmoja mmoja. Kati ya kumi alisema mmoja anaweza kupona, na huyo alichukuliwa na Kamanda kwa kamba mpaka nyumbani kwake. Kwa wale tisa akatikisa kichwa.

"Tutawalaza, mama," alisema.

"Sema tutawaua, mwanangu. Kulala wamelala sana."

Kwa utaratibu, mkaguzi aliyeandika ripoti lazima awepo na atie saini. Mwenye mabanda naye lazima awepo, au mtu wake. Bibi Chaki alikuwa na hakika dada atamweka Kamanda badala yake. Lakini walipofika asubuhi ile, alimkuta dada uwanjani mwenyewe, kavaa gauni la kazini, mikono ya gauni kaikunja mpaka kwenye viwiko, ametandika magunia safi chini ya ukuta mahali penye kivuli. Hakumtazama. Alimsalimia daktari. Alimwambia Kamanda, "Lete wa kwanza. Mbebe vizuri, asiburuze miguu."

Wa kwanza alikuwa yule wa kizimba cha nne.

Kamanda alimlaza guniani. Daktari alivuta dawa kwenye bomba la sindano. Dada akapiga magoti, akakichukua kichwa cha yule jike, akakiweka juu ya paja lake, akaanza kumfuta lile jicho lililogandana kwa ncha ya gauni.

"Tulia, mama," akamwambia. "Tulia. Imekwisha sasa. Hakuna mtu atakufanya kitu. Mimi nipo. Tulia."

Bibi Chaki alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yake na karatasi mkononi. Hiyo sauti aliijua. Alikuwa hajaisikia miaka arobaini na zaidi, tangu zile alfajiri za shuka mbichi, na alikuwa hajui kama dada bado anayo. Kumbe anayo. Siku zote alikuwa nayo, na wale majike kule nyuma juu ya waya hawakuwahi kuisikia mpaka leo. Au labda walikuwa wanaisikia. Labda alikuwa akiwaambia hivyohivyo huku anafunga mlango. Bibi Chaki hakujua lipi kati ya hayo mawili ndilo baya zaidi.

Jike akatulia. Daktari akasikiliza kifua, akaitikia kwa kichwa. Kamanda akamfunika, akageuka pembeni akajifanya anakohoa.

Wakaletwa wengine. Dada hakuinuka. Kila mmoja alimlaza pajani, kila mmoja alimwambia yaleyale, wala hakuharakisha wa tisa kuliko wa kwanza. Gauni lake lilikuwa limelowa mkojo na usaha. Katikati, kwenye wa tano, Bibi Chaki alisogea, akapiga magoti upande wa pili ili ashike miguu iliyokuwa inatupatupa. Mikono yao ikagusana juu ya manyoya. Dada hakuuondoa wake. Alimaliza na yule mbwa, akasema, "Mwingine," akiwa anamwangalia Kamanda.

Ilipokwisha jua lilikuwa limeshafika uwanjani. Daktari aliketi kwenye kibaraza cha banda na ubao wake wa kuandikia, akajaza fomu ya mwisho. Alikuwa mtu wa kufuata fomu neno kwa neno, na alisoma kila swali kwa sauti. Idadi. Tisa. Sababu. Akaandika mwenyewe. Mizoga itazikwa wapi. Hapa nyuma, Kamanda kashachimba. Dada alikuwa anajibu huku ananawa mikono kwenye ndoo, anasugua kila kidole.

"Kuna undugu wowote kati ya mwenye mabanda na mkaguzi?"

Maji yakasimama kwenye ndoo. Bibi Chaki aliinua uso. Kamanda pia.

Dada alikung'uta mikono, akaifuta kwenye gauni, mbele na nyuma.

"Hapana," alisema.

"Hakuna," daktari akarudia, akaandika, kalamu ikalia kwenye karatasi. Alikuwa mgeni, angejuaje? Akamgeuzia ubao dada, dada akatia saini kwa herufi zake kubwa za mtu aliyeacha shule mapema, akaingia ndani akafunga mlango wa jikoni bila kuubamiza.

"Na wewe, mama. Hapa chini. Unathibitisha kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli."

Bibi Chaki alivaa miwani. Aliisoma yote, kuanzia juu, kama alivyosoma fomu zote kwa miaka kumi na tisa, akafika kwenye lile neno moja, akakaa hapo. Kamanda alimtazama, akatazama mlango wa jikoni, akatazama tena chini. Alikuwa anangoja amsikie akisema. Kwa neno kama hilo, kwa mtu mwingine yeyote, angekuwa ameshachana karatasi.

"Mama? Kuna kosa mahali?"

"Hakuna," alisema.

Akatia saini, akamrudishia binti kalamu yake, akachukua jembe la pili lililokuwa limeegemea ukuta, akamfuata Kamanda nyuma ya banda.